Asubuhi Nilipojifunza Kuuheshimu Mkate wa Jana

Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka kabla ya jogoo, nikawasha jiko, nikapasha maji, nikachovya kiwiko kwenye ndoo kuona kama joto linaifaa hamira. Ndipo nikakumbuka kwamba maji yale yalikuwa ya kuoga. Nikacheka peke yangu, nikasali, nikaoga, na baada ya chai nikaketi kuandika haya.

Nawaandikia nyie mliobaki tanurini. Habari za mshahara sitaziandika kwa sababu mnaujua, wala za vyeo, kwa sababu tanuri letu la parokia hapa Mpanda halijawahi kuwa na cheo zaidi ya kimoja: aliyefika wa kwanza ndiye anayewasha moto. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na zaidi ya yote asubuhi moja nilipoingia kwenye duka dogo la sandwichi huko Japani. Najua mmeisikia hadithi hiyo vipandevipande, na Sabina amekuwa akiitia chumvi. Hii hapa ni ile isiyo na chumvi ya Sabina.

Nilifika Mpanda nikiwa mke kijana, natoka kwetu Mpimbwe, kwenye mpunga. Kuhusu mkate nilijua kuula tu, tena Krismasi. Mwokaji wa parokia wakati huo alikuwa Mzee Kasiani, Mfipa mrefu aliyejifunza kazi kwa wamisionari upande wa Sumbawanga. Nilipomwamkia na kumwambia natafuta kazi, hakuniuliza kama ninaweza. Alinipa gunia lililoloweshwa maji, lililofungwa kwenye mti mrefu, akasema, "Futa sakafu ya tanuri. Ukiunguza gunia, rudi kwenu."

Sikuliunguza. Siku hiyo alinionyesha jinsi ya kupima moto. Ukishatoa makaa na kufuta majivu, unarusha konzi ya unga kwenye sakafu ya tanuri. Unga ukiwa mweusi kabla hujamaliza Salamu Maria moja, moto ni mkali, subiri. Ukibaki mweupe, umechelewa, rudisha kuni. Ukigeuka rangi ya ganda la karanga, ingiza mikate. Saa ya ukutani tulikuwa nayo, lakini Mzee Kasiani hakuiamini, maana ilitolewa zawadi na mtu ambaye mwenyewe alikuwa anachelewa misa. Tulipima kwa sala. Skonzi zilikaa tanurini kwa makumi mawili ya rozari, na mkate mkubwa rozari nzima pamoja na litania, bila kukimbia. Sabina alipokuja kujiunga nasi, Msukuma kutoka Kakese, tena si Mkatoliki, alikataa kusali rozari akasema atapima kwa nyimbo za kwaya yao. Mikate yake ikatoka sawasawa na yangu, jambo lililonipunguzia kiburi.

Lakini sheria kubwa ya Mzee Kasiani ilikuwa moja, na aliirudia kama kiitikio: "Mkate ni wa leo." Mkate uliolala hakuuza. Alfajiri alikuwa anabeba mikate iliyobaki jana, anaivunja mbele ya wateja wote na kuitia kwenye ndoo ya nguruwe wa parokia, ili kila mtu aone kwamba kwake hakuna kiporo. Na watu wa Mpanda walimpenda kwa hilo. Hata leo mnawajua. Mteja haangalii mkate, anaubonyeza. Usipomuunguza vidole anauliza, "Huu wa lini?" Siku za treni, abiria wa Tabora walikuja mbio kutoka stesheni na kununua mikate inayotoa mvuke hadi gazeti la kufungia linalowa, wakarudi mbio wakiirusha mkono huu na mkono huu. Mimi nilikulia katika sheria hiyo. Mzee Kasiani alipozeeka akahamia Kabungu kwa mbuzi wake, alinikabidhi gunia la kufutia na sheria yake, na vyote viwili nilivitunza.

Tuliishi vizuri na sheria ile mpaka alipokuja Bwana Deusi.

Deusi alikuwa mpishi mkuu wa kambi moja ya watalii karibu na Sitalike. Wageni wake walikuwa wanaondoka alfajiri kwenda mbugani kuangalia viboko na simba, wanakula huko huko mchana, na alitaka sandwichi za kuweka kwenye lanchi boksi. Alikuja kwetu wakati mgumu. Maduka yalikuwa yameanza kujaa mikate ya viwandani iliyofungwa kwenye plastiki, na yetu ilikuwa inapungua wateja kila mwezi. Padre alikuwa ametuita mimi na Sabina, akasema kwa upole kwamba parokia haina neno na mkate, ila jengo linagharimu, na kama tanuri haliwezi kujilisha, baada ya kiangazi litabomolewa ili jengo liwe stoo ya mpunga. Mimi ni Mpimbwe, mpunga naupenda. Lakini si mahali pa tanuri. Wanawake wanaosomesha watoto kwa tanuri lile mlikuwa ni nyie.

Kwa hiyo tulimpokea Deusi kama malaika. Tuliwasha moto mapema kuliko kawaida ili apate kilicho bora kabisa, na kilicho bora, kwa akili zetu, ni cha moto. Tulitoa mikate tanurini, tukaikata hapo hapo ikitoa mvuke, tukatia mayai na nyanya, tukafunga, dereva akaondoka. Jioni boksi nyingi zikarudi zimejaa. Deusi alizisindikiza mwenyewe.

"Mama Tekla," akasema, "wageni wangu wamekula sandwichi kwa kijiko."

"Kwa kijiko? Kwa nini?"

"Fungua uone."

Nilifungua. Ndani kulikuwa na kitu kama uji wenye nyanya. Tulijaribu tena kesho yake, na tena. Mara tulikata vipande vinene, vikajikunja. Mara tulipunguza nyanya, visu vikachana mkate kama mtu anayechana kitambaa kibovu. Kadiri tulivyowahisha mkate ukiwa wa moto zaidi, ndivyo ulivyoharibika zaidi, nasi tukadhani dawa ni kuuwahisha zaidi. Mwisho Deusi akasema kambi inafungwa kwa mvua za masika, na ikifunguliwa atatupa nafasi moja ya mwisho. Moja tu. Ikishindikana, ataagiza mikate mjini kwingine.

Hapo ndipo anapoingia Haruka. Wakubwa kati yenu mnamkumbuka. Alikuja kujitolea kufundisha hesabu katika sekondari moja hapa mjini, msichana mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini na tumbo la skonzi. Kila asubuhi alipita kwetu kabla ya shule, na Jumamosi alikunja mikono akakanda nasi. Alijifunza Kiswahili chake kwenye unga wetu, ndiyo maana mpaka leo anaongea kama Sabina. Aliporudi kwao hakutusahau, alipiga simu kila sikukuu. Mara hii alipopiga nilimweleza shida ya sandwichi. 

"Mama," akasema, "mtaani kwetu kuna mzee anauza sandwichi tu. Kazi hiyo hiyo tangu baba yake. Njoo umuone."

"Mwanangu, kuja Japani si kwenda Sitalike."

"Najua. Mimi na mume wangu tulishaongea. Njoo kabla kambi haijafunguliwa."

Nililia, nikamshukuru Mungu, nikatafuta pasi ya kusafiria. Kisha nikaenda Kabungu kumuaga Mzee Kasiani, kama inavyompasa mtoto. Nilimkuta anatazama mbuzi wake.

"Unakwenda kwa watu wanaokula wali kujifunza mkate?" akaniuliza.

"Wali hata sisi tunakula, Baba."

"Ndiyo maana sijawahi kukutuma kwa Wapimbwe kujifunza mkate."

Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki, na nilipoinuka akasema nisije nikasahau mkate ni wa nini.

"Ni wa leo, Baba," nikajibu.

Safari sitaieleza, ilikuwa ndefu na nilisali njia nzima, hasa ndege ilipotikisika. Nitaanzia ile asubuhi. Haruka aliniamsha kukiwa bado giza, lakini nilikuwa nimeshavaa, nimekaa kitandani na viatu. Furaha ilikuwa imeninyima usingizi kama mtoto anayengoja Komunio ya Kwanza. Nilivaa kitenge changu kizuri, kilemba, na juu yake koti la mume wa Haruka, maana baridi ya huko inauma hata masikio. Mkononi nilibeba chupa ya asali ya Inyonga. Tulitembea kwenye mtaa mwembamba, msafi, uliolala wote. Maua yao maarufu yalikuwa yamechanua mitini, Haruka akaninyooshea kidole, nami nikasema ni mazuri bila kusimama. Kule mbele nilikuwa nimeshaona taa moja inayowaka, na kabla ya taa nilikuwa nimeshasikia harufu ya hamira. Jamani! Nusu ya dunia kutoka Mpanda, na harufu ni ile ile. Nilikaza mwendo mpaka Haruka akaanza kukimbia nyuma yangu.

"Mama, polepole! Hawahami!"

Duka lenyewe lilikuwa dogo kuliko sakristia yetu. Mbele dirisha la kuuzia, kabati la kioo, na pazia fupi la kitambaa mlangoni. Tayari watu walikuwa wamepanga mstari nje, kimya kabisa: dereva wa teksi, muuguzi, mwanamume mwenye kofia ya reli. Nilipoiona kofia ile nikawaza stesheni yetu, nikamtolea tabasamu kama ndugu. Akashtuka kidogo, kisha akainama.

Mwenye duka, Mzee Morita, alikuwa amekubali tuingie jikoni kabla hajafungua. Alikuja mlangoni na mke wake, wote wamevaa nyeupe. Kwetu mwanamke humuamkia mzee kwa kupiga goti kidogo, kwao wanainama. Basi akainama, nami nikapiga goti. Akaona nimeshuka kuliko yeye, akainama zaidi. Nikaona mzee mwenye mvi ameinama kuliko mimi, nikashuka tena.

"Inatosha nyie," Haruka akasema, "mtafika sakafuni."

Tukanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akanipa aproni na kofia nyeupe. Nilimwambia kilemba sivui, akakitazama, akaona hakuna unywele uliotoka, akakubali. Kisha akaniuliza, na Haruka akatafsiri, tanuri langu liko wapi.

"Mpanda."

"Ni karibu na wapi?"

Nilifikiri. "Mwambie karibu na viboko."

Mke wake akacheka akifunika mdomo, na kuanzia hapo tukawa marafiki.

Tanuri lake lilikuwa la umeme, halina kuni wala gunia. Lakini unga aliugusa kama Mzee Kasiani alivyougusa, kwa mgongo wa vidole, kama unavyogusa shavu la mtoto mwenye homa. Mikate ilikuwa ndiyo kwanza imeingia ndani, kwenye makopo marefu ya bati yenye mifuniko, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mkate ukiumuka unakuta mfuniko, hauendi popote, unatoka wa mraba kama tofali. Niliposimama mbele ya tanuri, mdomo ukaanza wenyewe rozari. Nilikwishapita matendo yote na nilikuwa mwishoni mwa litania kengele ya tanuri lake ilipolia. Niliposema "Amina" tukatazamana, yeye hajui kwa nini nimefurahi, mimi sijui nianzie wapi kumweleza.

Akatoa mikate. Wanangu, mikate ile! Mirefu, ya dhahabu, inatoa mvuke. Kule Mpanda watu wangepigana. Nikafuta mikono nikijiandaa kuona inavyokatwa. Mzee Morita akaipanga kwenye waya, akageuka kana kwamba haimhusu tena, akaenda kwenye rafu ya nyuma, akafunua kitambaa, akashusha mikate mingine. Niligusa mmoja. Ulikuwa wa baridi. Nikaubonyeza kama mteja wa Mpanda. Haukuwa na dalili yoyote ya moto.

Moyo ukaniuma kwa ajili yao. Nikamvuta Haruka pembeni nikamnong'oneza, "Mwanangu, hawa wazee wana shida gani? Wanawauzia watu mkate wa jana. Na wale nje wanajua?"

Haruka akajibana asicheke, akashindwa. Nikamwambia asitafsiri. Akatafsiri. Nilitamani kuingia kwenye tanuri la umeme.

Mzee Morita hakucheka wala hakukasirika. Aliweka kisu chini, akafikiri. Kisha akarudi kwenye ile mikate ya moto, akachukua mmoja, mzuri kuliko yote, akauweka kwenye ubao mbele yangu. Mke wake akasema neno moja la kushtuka. Mzee akachukua kisu kirefu chenye makali yanayong'aa, akakata.

Mkate ukalala. Ulibonyea chini ya kisu kama mto wa kulalia, ndani ukajikunja ukawa donge, mvuke ukaruka, na kisu kilipotoka kilikuwa kimebeba nyama nyeupe ya mkate iliyoganda. Akainua kipande, kikachanika katikati. Niliijua ile sura! Ilikuwa ni sura ya lanchi boksi za Sitalike. Kisha akafuta kisu, akaweka mkate wa jana, akakata. Kisu kilipita kimya. Kipande kikasimama. Chembamba, sawasawa juu na chini, kikasimama chenyewe kwenye ubao kama kadi, na akakibonyeza kwa kidole, kikashuka, kikarudi.

"Aleluya!" nikapiga kelele.

Sikukusudia. Ilitoka kama inavyotoka Pasaka. Kule nje mstari mzima ukatikisika, na yule wa kofia ya reli akachungulia dirishani. Mzee Morita alicheka kwa mara ya kwanza, akasema kitu, na Haruka akatafsiri: "Anasema mkate ukitoka tanurini bado unaiva. Ndani umejaa maji yanayotafuta pa kukaa. Uache ulale, maji yakae, ndipo ukate. Anasema wa leo ni wa kunusa, na wa jana ndio wa kukata."

Baada ya hapo sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilitaka kuona kila kitu, na mama yule, mke wa Mzee Morita, akanionyesha kila kitu kwa mikono, hata bila Haruka. Siagi inapakwa pande zote mbili mpaka kwenye ukingo kabisa, maana ndiyo koti la mvua la mkate. Matango yanatiwa chumvi kidogo na kukamuliwa kwenye kitambaa hadi yaache kulia. Sandwichi zikipangwa zinafunikwa kitambaa chenye unyevu na ubao mzito juu yake, zitulie kidogo, ndipo zinakatwa. Kisu kinafutwa kila baada ya kukata. Alinipa kisu nikajaribu. Ya kwanza ilikwenda upande. Ya pili ikatoka kama yao, akapiga makofi, akaipanga kwenye kabati la kioo pamoja na zao. Nilisimama nyuma ya pazia nikaona inanunuliwa na muuguzi. Sijui jina lake, lakini nimemwombea tangu siku ile.

Kuta za mkate, zile za kahawia wanazokata pembeni, hazikutupwa. Zilikaangwa na sukari, zikafungwa vifurushi kwa ajili ya watoto wa shule. Nilifurahi kupita kiasi. Hata Bwana wetu alipowalisha maelfu aliagiza makombo yaokotwe.

Kabla jua halijapanda vizuri kabati lilikuwa tupu, na pazia likashushwa. Mama akatuletea chai na sandwichi nne alizozificha. Nilifanya ishara ya msalaba. Wao wakakutanisha viganja na kuinamisha vichwa. Tulimaliza kwa pamoja, kisha tukala. Nilipofungua ile asali ya Inyonga, Mzee Morita akapaka tone kwenye kipande kimoja, akatafuna huku macho yamefungwa, akauliza nyuki wale wanakula nini. Nikamwambia maua ya miyombo. Akaniomba nirudie hilo neno, "miyombo", akalirudia naye.

Ule mkate wa moto alioukata ili nione, ulioharibika kwa ajili yangu, nilimwomba anipe. Tuliula kwa Haruka jioni, na chai. Ulikuwa mtamu sana. Haukuwa na kosa lolote, ulikatwa tu kabla ya wakati wake.

Nilirudi Mpanda barabara zikiwa bado na tope. Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia nyie. Niliwakusanya, nikaeleza, na Sabina akasimama akiwa ameshika kiuno.

"Yaani tuwauzie wazungu kiporo?"

"Si kiporo. Ni mkate uliotulia."

"Mama Tekla, baridi ya Japani imekuingia kichwani. Mtu wa Mpanda akituona tunafunika mikate jioni, kesho hakuna mteja hata mmoja."

"Maharage ya kwako, Sabina, unayapenda siku ya kwanza au yakishalala?"

Mkacheka wote. Anajulikana kwa maharage yake. Akafikiri, mikono ikashuka kiunoni.

"Yakilala," akasema. Kisha macho yakamng'aa. "Hata mana ya Waisraeli jangwani! Ile ya siku nyingine ilioza, lakini ya kungojea Sabato ililala na haikuoza. Nyie Wakatoliki hamsomi mpaka mwisho."

Mimi niliyefundisha katekesimu miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watoto habari za ile iliyooza tu. Nikamwambia Sabina yuko sahihi, na akatembea wiki nzima kama askofu.

Fundi bati wa sokoni akatutengenezea mifuniko ya makopo. Ya kwanza ilikuwa mifupi, ya pili ikakaa. Mayai tuliyaacha, kwa sababu joto la Katavi si baridi ya Japani na lanchi boksi inakaa garini hadi mchana. Tuliweka karanga za kusaga na asali, na nyingine matango yaliyokamuliwa. Kambi ilipofunguliwa na ile nafasi ya mwisho ikafika, tulioka mchana, tukafunika, tukaenda kulala. Au nyie mlilala. Alfajiri tukakata. Vipande vikasimama. Sabina akaimba wakati anakata, na sikumwambia anyamaze.

Gari likaondoka. Siku ile sikula. Niliuza skonzi huku nikiangalia barabara ya Sitalike, na mteja mmoja nilimpa chenji mara mbili. Jua lilipoanza kushuka gari la kambi likasimama nje, na aliyeshuka alikuwa Deusi mwenyewe, amebeba boksi.  Alizishusha moja juu ya nyingine mezani.

"Fungua," akasema.

Sabina ndiye aliyefungua. Boksi ya kwanza ilikuwa tupu. Akafungua nyingine. Tupu. Zote.

"Kesho ongeza," akasema Deusi. "Madereva wamekula za wageni, nimekuwa na kesi mbugani."

Mnakumbuka kelele tulizopiga. Padre alitoka nje akidhani tanuri limeshika moto. Tanuri lipo, mmeliwasha leo. Stoo ya mpunga ilijengwa ng'ambo ya uwanja, na iko vizuri. Mkate wa moto bado tunauza dirishani kwa anayetaka kuungua vidole, kila mmoja na wakati wake.

Lakini lilibaki jambo moja lililonisumbua, nalo ni Mzee Kasiani. Sikutaka asikie kwa watu kwamba mtoto wake amevunja sheria. Jumapili baada ya misa nilipanda bodaboda mpaka Kabungu na sandwichi ya karanga na asali kwenye kitambaa safi. Nilimuamkia, nikampa. Akasali, akaifungua, akaigeuza pande zote, akaibonyeza. Vidole vyake havikuungua.

"Huu wa lini?"

"Wa jana, Baba."

Akaigeuza mara nyingine. Mbuzi walikuwa wanalia. Kisha akauma, akatafuna polepole kama anavyofanya kila kitu, akauma tena, akaendelea mpaka ikaisha, akakusanya makombo kwenye kiganja na kuyatia mdomoni. Akafuta mikono kwa kitambaa changu, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Kumbe," akasema, "wale nguruwe wa parokia walifaidi."